Warudi kwao wapi?

Jumanne jioni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alimletea shangazi barua yenye sahihi za majirani kumi na wanne. Wanataka ng'ombe wetu waondolewe kabla ya Krismasi, kisa harufu na nzi. Hayo ningeyavumilia. Kilichonichoma ni maneno yaliyoongezwa chini kwa kalamu: wenye ng'ombe warudi kwao Kenya.

Kwao wapi? Babu alitoka Nandi, Kenya, kuja Uganda kubeba zege kwenye bwawa la Owen Falls kule Jinja, na lilipofunguliwa mwaka 1954 hakurudi. Alinunua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine, hapa Kira, wilaya ya Wakiso karibu na Kampala, wakati huo pakiwa mashamba matupu, akaanza na ng'ombe wawili, na busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka, alimlipa mwenye mailo, mmiliki wa ardhi hiyo, bila kukosa. Baba alizaliwa hapa, shangazi alizaliwa hapa, nami pia. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote ilipowafukuza wafanyakazi Wakenya kwa maelfu, waliomwokoa babu ni majirani. Wazee watatu wa Kiganda waliongozana naye mpaka kwa chifu wa muluka, yaani parokia ya kiserikali, wakasema: huyu ni wetu, watoto wetu wamekuzwa na maziwa yake. Shangazi akisimulia, akifika hapo hunyamaza kidogo.

Harufu ipo, nakiri, hasa mvua za Aprili. Tena ardhi tuliiuza wenyewe. Baba alikata ekari mbili ili tulipiwe karo, na aliyenunua hana kosa. Lakini hebu tuhesabu. Ekari moja dalali huitoa viwanja vinane vya futi 50 kwa 100. Ekari hiyohiyo ukiipanda mabingobingo na kuitia samadi, inamlisha ng'ombe mmoja wa maziwa aina ya Friesian mwaka mzima, wawili kwa shida. Maana yake kila nyumba nane zikiota, ng'ombe mmoja amekosa majani. Sensa ya 2002 ilikuta Wakiso watu wasiofika milioni 1. Ya 2024 ikakuta zaidi ya milioni 3. Wote hao wanataka chai ya maziwa asubuhi, na maziwa yanazidi kutoka mbali, Mbarara na Kiruhura, kwa malori. Sisi tumebaki na ng'ombe watano. Majani tunayakata kando ya barabara na kwenye viwanja ambavyo bado havijajengwa, na kila msingi ukichimbwa safari ya boda ya kufuata majani inarefuka.

Wanaosaini barua waje siku moja saa kumi na moja alfajiri. Watamkuta shangazi, miaka sitini na nane, amechuchumaa. Anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakikausha kwa kitambaa, kisha michirizi ya kwanza anaikamulia kwenye kikombe cheusi na kukiinamisha kwenye taa, akitafuta mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Akiona bonge moja tu, maziwa ya ng'ombe huyo hayauzwi. Wanne kati ya waliosaini wananunua maziwa hayo, na mmoja ana deni la wiki tatu ambalo shangazi hajawahi kumdai kwa sababu ana mtoto mchanga.

Jumapili kuna kikao kwa mwenyekiti. Nitakwenda na stakabadhi za busuulu za babu, za zamani zaidi zimeshaliwa na mende pembeni. Nitaomba barua isomwe yote kwa sauti, mpaka yale maneno ya kalamu, shangazi akiwa amekaa mbele yao.