Kete za Babu na Rozari Yangu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameshaieneza habari hii kwa namna yake, ambayo ndani yake mimi nililia, naona ni haki niieleze mwenyewe. Sikulia. Nilitokwa jasho hadi machoni.

Oktoba ni mwezi wa rozari, nami niliweka nadhiri ya kusali kwa rozari niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Rozari ya makumi matano huhitaji punje 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Bao la babu lina kete 64, zote komwe za kijivu zilizolainishwa na vidole vya miaka mingi. (Mnaodhani komwe hutoboka kwa urahisi, azimeni keekee mjaribu.) Bao lenyewe lilikuwa limelala juu ya kabati tangu mwenzake wa kucheza naye ahamie Malindi, nikaamini kwamba Mungu amenitengea, tena na chenji ya tano.

Ijumaa jumuiya ilisali kwetu Mikindani, nami nikaongoza. Katika tendo la tatu la uchungu, Yesu anapotiwa miba kichwani, nilihisi fundo likiteleza, maana nilitumia mshipi wa nailoni wa kuvulia na kuufunga kama kamba ya mbuzi. Komwe ya kwanza ikaanguka: ko. Nikaendelea, "Salamu Maria, umejaa neema," huku nikiibana ya pili kwa kidole gumba. Ikaponyoka. Kisha zikamwagika zote juu ya saruji kama kunazi juu ya bati, wala hakuna aliyeitikia "Maria Mtakatifu", kwa sababu kila jicho lilifuata komwe moja iliyobingirika bila haraka, ikapita chini ya kiti cha mwenyekiti wa jumuiya, ikavuka kizingiti, ikatulia barazani, mguuni pa babu.

Babu akaiokota. Akaipangusa. Akachungulia kwenye tundu lake, na kupitia tundu hilo, ndugu zangu, akaniona mimi.

"Kete yangu hii," alisema, kwa sauti ya chini kuliko ya sala.

Tulimalizia kwa kuhesabu vidole. Zilipatikana 57. Jana nilitumwa ufuoni kutafuta nyingine, na kwa jinsi mkomwe ulivyo na miba, lile tendo la tatu sasa nalifahamu vizuri. Niliporudi nilizikuta zile tano zisizotobolewa zimepangwa mezani, naye babu akauliza kwa upole kama nilimbakishia hizo ili acheze na nani.