Nafuu kwa tani, ghali kwa lori

Kila anayesoma usimamizi wa shughuli hukutana na jedwali la usafirishaji. Upande mmoja kuna viwanda vyenye mzigo, upande wa pili maghala yanayousubiri, na katikati gharama ya kupeleka tani moja kutoka kila kiwanda hadi kila ghala. Kinachotafutwa ni mgawanyo wa mzigo utakaoleta gharama ndogo kuliko zote. Walimu wa somo hili wanaliamini sana jedwali hilo. Wasimamizi wengi wanaopakia malori kila siku huliona kama zoezi la darasani. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja nzito, ila zinabishana juu ya vitu viwili tofauti.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Kiwanda A kina tani 60, kiwanda B kina 40. Ghala X linahitaji tani 50, na ghala Y pia 50. Kusafirisha tani moja kutoka A hadi X kunagharimu 4, A hadi Y 6, B hadi X 5, na B hadi Y 10. Wengi wetu tungekimbilia ile 4: A ijaze X kwa tani 50, tani 10 zake zinazobaki ziende Y, kisha B ipeleke tani zake zote 40 Y, kwa kuwa X limeshajaa. Jumla ni 660.

Sasa jaribu kuhamisha tani moja tu. B ipeleke X badala ya Y: unaongeza 5, unaokoa 10. X limezidiwa, kwa hiyo A ipunguze tani moja huko na kuipeleka Y: unaokoa 4, unaongeza 6. Kila tani inayohamishwa hivyo inapunguza gharama kwa 3, na zipo tani 40 za kuhamisha. Mpango mpya ni B kupeleka 40 X, A kupeleka 10 X na 50 Y. Jumla 540, na hakuna mgawanyo wa tani hizo unaoshuka chini ya hapo.

Hii ndiyo nguvu ya wanaolitetea jedwali. Njia nafuu kuliko zote ilipotumika bila kuangalia nyingine, ilimlazimisha B kuchukua njia ghali kuliko zote. Macho hayaoni hilo haraka hata kwenye visanduku vinne. Kwenye viwanda kumi na maghala hamsini hayaoni kabisa. Njia ya Vogel, mbinu mojawapo ya kulijaza jedwali, huanza na pale ambapo kukosa chaguo la kwanza kunaumiza zaidi. Hapa inaanza na B, ambaye pengo kati ya njia yake nafuu na inayofuata ni 5 (10 kutoa 5), na inafika 540 moja kwa moja. Kanuni ya kona ya kaskazini-magharibi, inayojaza jedwali kuanzia kisanduku cha juu kushoto bila kuangalia gharama hata kidogo, ningeifundisha kwa dakika chache na kuendelea.

Ninalolithamini zaidi ya mpango wenyewe ni kile jedwali linachosema kuhusu njia zisizotumika. Katika mfano huu, njia ya B hadi Y haifai mpaka gharama yake ishuke chini ya 7. Msafirishaji akija na ofa ya 8 badala ya 10, punguzo linavutia, lakini halipunguzi chochote katika gharama ya kampuni. Msimamizi anayelijua hilo kabla ya kukaa kwenye mazungumzo ana silaha ambayo uzoefu peke yake haumpi.

Basi wapinzani wanalalamikia nini? Wanasema hakuna anayelipia tani. Watu hulipia lori. Nao wana haki. Tuseme lori linabeba tani 30 na linalipiwa zima, liwe limejaa au la, kwa viwango vilevile: A hadi X 120, A hadi Y 180, B hadi X 150, B hadi Y 300. Mpango wetu bora wa 540 sasa unahitaji malori matano, likiwemo moja linalokwenda X na tani 10 tu. Gharama yake halisi ni 780. Lakini A ikipeleka tani 30 kila ghala, na B tani 20 kila ghala, malori manne yanatosha na gharama ni 750. Mpango huu unatumia ile njia ya B hadi Y ambayo jedwali liliikataa! Ukiupima kwa tani unasoma 600, yaani mbaya. Ukiupima kwa fedha zinazotoka, unashinda.

Hata hivyo, kosa hapo si la hesabu. Hesabu iliulizwa kuhusu tani, ikajibu kuhusu tani. Mwanauchumi Tjalling Koopmans, aliyeshughulikia tatizo hili huko Washington wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa akitafuta njia ya kuzihamisha meli tupu kutoka bandari zinazopokea mizigo mingi kuliko zinayotuma. Alihesabu meli, nazo meli husafiri nzima. Sifa mojawapo ya jedwali hili ni kwamba mahitaji na akiba vikiwa namba nzima, hupatikana jibu bora la namba nzima, bila nusu meli. Mwaka 1975 Koopmans na Leonid Kantorovich walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa mchango wao katika nadharia ya matumizi bora ya rasilimali.

Kwa hiyo naegemea upande wa jedwali, kwa sharti moja: kabla ya kujaza kisanduku cha kwanza, msimamizi achukue ankara za wasafirishaji aone anatozwa kwa kipimo gani. Kama ni kwa tani, alitumie lilivyo. Kama ni kwa lori, aongeze gharama ya kila safari kwenye modeli, ingawa hesabu inakuwa ngumu zaidi na kompyuta itahitajika.

Tena aulize kama mahitaji yenyewe yanaweza kusogea. A ikipeleka malori mawili yaliyojaa Y, na B malori mawili X, gharama inashuka hadi 660. Y linapokea tani 10 za ziada, X linapungukiwa tani 10. Kuna 90 za kuokoa kutoka ule mpango wa 750. Kama kuhifadhi ziada kule Y na kuwakosesha wateja wa X kunagharimu chini ya hapo, X lingoje. Kama kunazidi, lori la B liende Y hata kwa 300.