ANC haijaangushwa na wapinzani, imemegwa na wanawe wenyewe

Tangu matokeo ya uchaguzi wa Mei 2024 yatoke kuna kambi mbili zinabishana kuhusu ANC, chama cha ukombozi kinachotawala Afrika Kusini tangu 1994, na hazichoki. Wa kwanza wanasema kile chama kimeshakwisha, kinangoja mazishi tu, na mifano wanayo, KANU ya Kenya na UNIP ya Zambia, vyama vilivyoshika nchi miaka na miaka halafu leo hata mgombea wa maana hawana. Wa pili wanasema tulieni, ile ilikuwa ajali ya Zuma tu, rais wa zamani aliyekuja na chama chake, mzee akichoka siasa kura zitarudi nyumbani. Mi naona kila kambi imeshika nusu ya habari, ila hawa wa pili ndo wanajidanganya zaidi.

Namba kwanza. Mwaka 1994 ANC walipata asilimia 62.65, 2004 wakagusa karibu 70, baada ya hapo ni kushuka tu: 65.9, 62.15, 57.5, mpaka 2024 wakadondokea 40.18, viti 159 kati ya 400. Kumbuka Zuma akiwa rais alikuwa anatamba kwamba ANC itatawala mpaka Yesu arudi, na aliyekuja kuikosesha nusu ya kura kwa mara ya kwanza ni yeye mwenyewe.

Sasa angalia DA, kilichokuwa chama kikuu cha upinzani miaka yote hiyo ya kushuka. 2014 walikuwa na 22.23, 2024 wana 21.81. Yaani miaka kumi ya mgao wa umeme, pesa za umma kukarabati nyumba ya Zuma kule Nkandla, akina Gupta, wafanyabiashara marafiki wa Zuma, tume ya Zondo ya kuchunguza ufisadi inaanika uchafu kwenye luninga kila siku, na DA hawajapanda hata kidogo! Ukichukua ile 40 ya ANC ukajumlisha 14.58 ya MK, chama kipya cha Zuma, na 9.52 ya EFF, chama cha Malema, unapata 64 na ushee, ambayo ni ANC ile ile ya enzi zake, tofauti ni kwamba sasa ina nyumba tatu na hazisalimiani.

Na kila ilipomegwa, chanzo hakikuwa sera, kilikuwa nani akae kiti cha mbele. Desemba 2007 kwenye mkutano mkuu wa chama pale Polokwane Zuma alimshinda Mbeki, aliyekuwa rais wa nchi, haukuisha mwaka Mbeki akaambiwa aachie urais, watu wake wakatoka wakaanzisha COPE. Malema, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa ANC, huyu huyu aliyewahi kusema yuko tayari kuua kwa ajili ya Zuma, alifukuzwa 2012 na mwaka uliofuata akaja na EFF. Mkutano mkuu wa Nasrec 2017 Ramaphosa alipata kura 2,440 na Nkosazana Dlamini-Zuma, mgombea wa kambi ya Zuma, 2,261, tofauti ya wajumbe 179 tu, na chama kiligawanyika katikati siku ile ile hata kama walishikana mikono jukwaani. Februari 2018 Zuma akasukumwa nje ya Ikulu, Desemba 2023 akaibukia MK, jina la jeshi la ukombozi la ANC wenyewe, ANC wakaenda mahakamani kuzuia MK wasitumie jina na nembo na mahakama ikawagomea.

Hapa ndo wa "ajali ya Zuma" wanapata nguvu, na siwanyimi haki yao. KwaZulu-Natal, mkoa wa nyumbani kwa Zuma, ANC walitoka asilimia 54 mwaka 2019 wakaporomoka mpaka 17 hivi, MK chama cha miezi michache kikachukua 45. Limpopo kule bado wako juu ya 70. Ukiitazama ramani hivyo unaona kweli ni tetemeko la mkoa mmoja.

Lakini Gauteng, mkoa wa Johannesburg na Pretoria, je? Pale si kwa Zuma, na ANC walipata 35 hivi. Halafu acha asilimia, hesabu vichwa: 2019 waliipigia ANC watu kama milioni 10, 2024 wakawa milioni 6.5 hivi, na MK nchi nzima walipata milioni 2.3. Hata ukisema kila kura ya MK ilikuwa ya ANC, jambo ambalo si kweli, bado kuna zaidi ya milioni moja hawaonekani. Wengi nadhani walikaa nyumbani tu, maana waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 66 mpaka chini ya 60. Hawa ndo wa kuogopa, sio Zuma. Kijana aliyezaliwa baada ya 1994 hana deni na mtu, ukimwambia habari za Robben Island, gereza alilofungwa Mandela, anakuuliza ajira iko wapi, nchi ambayo zaidi ya asilimia 30 ya nguvu kazi hawana ajira. Mgao wa umeme wenyewe ulisitishwa mwishoni mwa Machi 2024, miezi miwili kabla ya kura, na watu sio watoto, wanaona.

Kuhusu Ramaphosa, wanaomlaumu wana hoja. Aliingia na fagio, Magashule aliyekuwa katibu mkuu akasimamishwa na baadaye kufukuzwa, sawa, ila ikaja Phala Phala, dola 580,000 zilizokuwa zimefichwa kwenye sofa shambani kwake zikaibiwa, na wabunge wa ANC wakatumia wingi wao kuizima bungeni ripoti ya uchunguzi wa sakata hilo Desemba 2022. Fagio likaishia hapo. Wanaomtetea nao wanasema, na mi nakubali, alipokosa wingi hakuchakachua wala kuzima intaneti, ndani ya wiki mbili na ushee akakaa na DA na IFP, chama chenye ngome KwaZulu-Natal, kuunda serikali ya pamoja, na Juni 14 bunge likamchagua tena kwa kura 283. Sisi Watanzania ambao ANC walikaa kwetu Mazimbu wakati wa mapambano na kufanya mkutano wao Morogoro 1969 tunajua vyama vya ukombozi vingapi vingekubali kirahisi hivyo.

Bei ya ule muungano ndo hiyo sasa. SACP, wakomunisti waliotembea na ANC tangu enzi za mapambano, Desemba 2024 waliamua watasimama wenyewe uchaguzi wa serikali za mitaa, na sababu mojawapo ni kukaa na DA. Bado Desemba 2027 kuna mkutano mkuu wa kumpata mrithi wa Ramaphosa, majina ya Mashatile na Mbalula, vigogo wa chama, yanatajwa kila siku, na kwa historia niliyoeleza atakayeshindwa hatabaki kimya kwenye viti vya nyuma. Akiondoka na watu wake kama Malema na Zuma walivyofanya, safari hii kinachogawanywa si 60 tena, ni hiyo 40 iliyobaki.