Nyumba janja kwa Wi-Fi ya nyumbani: amri iishie ndani ya geti

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya intaneti inayopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na mwambao wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Malalamiko mengi yalihusu WhatsApp na malipo ya mtandaoni. Tatizo jingine halikuzungumzwa sana, ingawa kwa wanaofunga taa, soketi na kamera za Wi-Fi majumbani lilikuwa kubwa. Vingi vya vifaa hivyo vimetengenezwa kwa namna ambayo ukibonyeza simu ili kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako, amri husafiri kwanza hadi seva, yaani kompyuta ya kampuni ya kifaa, iliyo nchi nyingine, kisha hurudi kwenye taa. Ruta inaweza kuwa inawaka vizuri na simu imeshika Wi-Fi ya ndani, lakini taa isitii. Na si ajali ya mkongo peke yake inayoweza kutufikisha hapo. Mwaka 2025 intaneti ilizimwa Tanzania nzima kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo ninapopimia jambo hili. Nyumba janja, yaani yenye vifaa vinavyoendeshwa kwa simu au kwa ratiba, ina faida halisi kwetu, na wanaoiita anasa tupu hawajakaa chini kupiga hesabu. Lakini nyumba ambayo swichi zake zinasubiri ruhusa kutoka ng'ambo haijakamilika, hata ikipendeza vipi kwenye simu.

Tuanze na hesabu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, mtu hukiwasha akienda kulala, kisha saa kumi na moja alfajiri, hewa ikiwa imeshapoa, kinaendelea kuunguruma bila mwenye haja nacho. Kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachotoa mionzi ileile ya rimoti kinaweza kukizima kila siku saa hiyo. Saa moja kwa siku ni hadi uniti 30 kwa mwezi. Hata tukizigawa kwa mbili, kwa kuwa kompresa hupumzika mara kwa mara, uniti 15 anaziona kila anayenunua LUKU. Upande wa pili wa daftari, vifaa vyenyewe hula umeme vikiwa vimekaa tu vikisikiliza ruta. Kila kimoja kikila nusu wati, vifaa 20 ni wati 10 usiku na mchana, yaani takribani uniti 7 kwa mwezi. Kwa hiyo aliyejaza balbu janja kila chumba bila kugusa kiyoyozi wala hita ya maji anaongeza gharama huku akiamini anabana matumizi. Balbu ya LED ya wati 9 haina cha kuokolewa.

Pampu ya maji inafundisha zaidi. Nyumba nyingi za mijini zina tanki la chini linalopokea maji ya bomba, pampu, na simtanki juu ya mnara. Watu hufunga swichi ya Wi-Fi kwenye pampu ili wasisahau kuizima maji yakajaa na kumwagika. Kazi hiyo boya la umeme ndani ya tanki linaifanya kwa bei ndogo, bila ruta na bila programu ya simu, na fundi yeyote wa mtaani analijua. Wi-Fi inashinda mahali pengine, kwenye kukupa habari. Swichi inayopima umeme inakuonyesha pampu inakula wati ngapi. Maji ya chini yakiisha na pampu ikaanza kuzunguka kavu, wati hushuka ghafla, na unaweza kuiagiza swichi ikate umeme hapohapo kabla mpira wa kuzuia maji haujaungua. Boya la juu peke yake haliwezi kuliona hilo.

Ila hapa mafundi wengi wanateleza. Swichi nyingi za Wi-Fi zimeandikwa ampea 10 au 16, na pampu ya nguvu farasi moja hula ampea tano hivi ikiwa inakimbia, kwa hiyo mtu anaona nafasi ipo. Mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiwango hicho. Rilei, yaani kile kiungo kidogo ndani ya swichi kinachounga na kukata umeme, hupiga cheche kila inapowasha, hadi siku moja bati zake zinashikana. Simu inasema imezima, pampu inaendelea. Dawa ni kuweka kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme iliyotengenezwa kubeba mzigo wa mota: swichi ya Wi-Fi iwashe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa pampu. Gharama inapanda, lakini bila hiyo ni afadhali kubaki na boya.

Hoja nzito ya wanaopinga ni umeme wenyewe. Ukikatika, ruta inazimika na akili yote ya nyumba inaondoka nayo. Hoja hii ni ya kweli nusu. Ruta na kile kisanduku cha faiba kwa kawaida hutumia wati chache tu, na betri ndogo ya akiba inaweza kuviweka hai kwa saa kadhaa, hivyo kamera yenye betri yake itaendelea kuona geti hata mtaa mzima ukiwa gizani. Kero iliyobaki hutokea umeme unaporudi. Balbu nyingi za Wi-Fi zimepangwa kiwandani ziwake zenyewe kila zinapopata umeme. Ukikatika saa nne usiku ukarudi saa tisa, nyumba nzima inawaka na watoto wanaamka. Kwenye programu nyingi kuna sehemu ya kuchagua balbu irudi katika hali iliyokuwa nayo, nayo hairekebishwi mpaka mtu aitafute.

Kuna pia usumbufu wa kuunganisha, nao huwafanya wengi warudishe kifaa dukani kikiwa kizima. Vifaa vingi vya bei nafuu vinashika masafa ya gigahezi 2.4 tu, wakati simu inapenda ya gigahezi 5, na ruta inayoyaunganisha yote chini ya jina moja huvichanganya. Tenganisha majina hayo mawili, na mara nyingi shida inaishia hapo. Kuta zetu za tofali za saruji nazo hazina huruma kwa mawimbi. Ruta iliyowekwa sebuleni haifiki vizuri kwenye geti, kwa hiyo anayetaka kamera ya nje apange kabisa kuongeza ruta ya pili au kuvuta waya.

Usalama ndio mahali ambapo sikubaliani na wauzaji hata kidogo. Kamera inauzwa kama mlinzi, na inaweza kugeuka silaha. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilienea kwenye kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, yale ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watumiaji kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Kwetu Afrika, kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia ilipigwa kwa silaha ya aina hiyohiyo, na Mwingereza aliyehusika alihukumiwa kifungo mjini London Januari 2019. Uingereza imepiga marufuku maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana tangu 29 Aprili 2024. Katika maduka yetu jukumu hilo bado liko kwa mnunuzi.

Halafu kuna sitara ya nyumba. Februari 2024 kampuni ya Wyze ya Marekani ilikiri kwamba wateja wake wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao baada ya hitilafu kwenye seva. Nyumba zetu zina uani, mahali ambapo mama na mabinti wanakaa bila mtandio, wanasukana, wanaanika nguo. Kamera inayotazama uani na kupeleka picha kwenye seva ya kampuni nisiyoijua, mimi siikubali, hata ikiwa imepunguzwa bei. Kamera ikae getini. Na ikiwa kuna kamera ndani kwa sababu ya mtoto mdogo, dada wa kazi aambiwe waziwazi ipo wapi na nani anaitazama. Anaishi humo, na mwili wake ni wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini heshima hii haihitaji kusubiri wakili.

Tofauti kubwa zaidi kati ya njia mbili za kujenga nyumba hii huonekana baada ya miaka. Anayetegemea seva za mtengenezaji hupata wepesi: anapakua programu, anaingiza neno la siri la Wi-Fi, dakika chache taa inatii. Siku kampuni ikichoka, naye amekwisha. Mwaka 2016 kitovu cha Revolv, kisanduku cha kuendeshea vifaa vya nyumba kilichouzwa kwa dola 300, kilizimwa na kampuni ya Nest iliyokuwa imekinunua. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, zilinyamaza bila taarifa, na wateja wakafungua simu zao wakakuta hakuna wa kuzijibu. Njia ya pili ni kuweka ubongo wa nyumba ndani ya nyumba: kompyuta ndogo yenye programu huria kama Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, au vifaa vya kiwango cha Matter, kilichotoka Oktoba 2022 na kinachoruhusu vifaa vya kampuni tofauti kuelewana ndani ya mtandao wa nyumbani bila kupita nje. Hapo mkongo ukikatika, taa, pampu na kiyoyozi havina habari.

Njia hii nayo ina uzito wake, na wanaoipigia debe huupitia harakaharaka. Inahitaji mtu. Kadi ya kumbukumbu huharibika, programu hudai kusasishwa, na kijana aliyefunga kila kitu akihamia Dodoma, wazazi wanabaki na kisanduku wasichokielewa. Hata ushauri mzuri wa kuweka vifaa kwenye mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili ambayo ruta huitenga na ile kuu, ili kamera isiweze kuifikia kompyuta yako, una bei: ruta nyingi huzuia simu iliyo kwenye mtandao mkuu kuvifikia vifaa hivyo moja kwa moja, na amri inarudi kupitia ng'ambo. Mimi ningegawa. Kamera na kila kinachong'ang'ania seva kiende kwenye mtandao wa wageni. Taa, pampu na kiyoyozi vibaki mtandao mkuu na viendeshwe kutoka ndani. Na kitasa janja cha mlango kiwe na ufunguo wa chuma daima.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea swichi janja ya ukutani kuliko balbu janja. Mgeni au bibi anabonyeza ukutani kama kawaida, taa inawaka, na simu ni nyongeza tu. Tatizo ni kwamba swichi nyingi za aina hii zinahitaji waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, na kwa utaratibu wa kawaida wa mafundi wetu, kwenye boksi la swichi hushuka waya wa laini, ule unaoleta umeme, na waya wa kwenda kwenye taa, basi. Nyutro inaishia juu darini. Kuishusha baada ya plasta na rangi ni kubomoa ukuta. Kwa hiyo anayejenga sasa, hata kama hana mpango wowote wa nyumba janja, amwambie fundi ashushe nyutro hadi kila boksi la swichi kabla ya plasta, na atumie maboksi yenye kina. Gharama yake ni mita kadhaa za waya.