Nyumba pacha za Uingereza: uso mmoja, wenye nyumba wawili

Mwaka 1823 John Claudius Loudon, Mskoti aliyeandika sana kuhusu bustani na makazi, alianza kujenga katika mtaa wa Porchester Terrace, eneo la Bayswater jijini London. Zilikuwa nyumba mbili zinazogawana ukuta mmoja, na nusu moja akakaa mwenyewe. Lakini mbele, katikati kabisa ya jengo, aliweka chumba cha mimea chenye kuba la vioo, na mpita njia akaona jumba moja kubwa. Mbinu hiyo ilitawala nyumba pacha nyingi za karne ya 19. Karani au mfanyabiashara asiyemudu jumba la peke yake aligawana uso mmoja na mwenzake, na wote wawili wakapata hadhi ambayo hakuna aliyeweza kuinunua akiwa peke yake.

Mabishano ya leo kuhusu kuhifadhi nyumba hizi huendeshwa kana kwamba kila nusu haihusiani na nyingine. Zilizojengwa kabla ya 1850 na kubaki na umbo lake la asili kwa kawaida huorodheshwa kisheria kama majengo ya kulindwa. Za baada ya hapo huchujwa zaidi, hivyo kinga yake mara nyingi ni maeneo ya hifadhi yaliyotokana na sheria ya 1967, ambamo halmashauri inaweza kumzuia mwenye nyumba kubadilisha madirisha na milango ya mbele bila kibali.

Wanaopinga masharti hayo wana hoja nzito. Kuta ni tofali tupu, hazina nafasi ya hewa katikati, na joto hupita. Gharama za kupasha nyumba joto wakati wa baridi zinaumiza. Serikali inawahimiza watu wapunguze matumizi ya nishati, huku halmashauri ikiwakatalia madirisha mapya ya plastiki yenye vioo vya tabaka mbili. Kwa nini familia itetemeke ili wapita njia wafurahishe macho? Mzee anayeishi kwa pensheni hajibiwi kwa historia ya usanifu.

Anajibiwa kwa ufundi, na hapo ndipo watetezi wa nyumba hizi hawasikilizwi vya kutosha. Dirisha la kupandisha na kushusha lina fremu mbili zinazoning'inia kwa kamba juu ya kapi, zikisawazishwa na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya kasha la mbao pembeni. Ukifungua juu na chini kwa pamoja, hewa ya moto hutoka juu na ya baridi huingia chini. Baada ya ushuru wa vioo kufutwa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851, vioo vidogo vidogo vilianza kupisha vioo vipana. Vijiti vya katikati vikapungua, fremu ikawa dhaifu, na maseremala wakaongeza ncha ndogo za mbao kwenye pembe za chini za fremu ya juu ili kuimarisha maungio. Ncha hizo bado zipo mitaani, mara nyingine zimechongwa kwa mkunjo mzuri ajabu.

Dirisha la namna hiyo hutengenezeka. Fundi hukata sehemu iliyooza, huunga mbao mpya na kubadilisha kamba. Dirisha la plastiki likianza kushika ukungu kati ya vioo vyake, kioo chote hutolewa. Na baridi? Milango ya mbao ya ndani ya dirisha, ambayo nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa nayo, ikifungwa usiku hupunguza upotevu wa joto kwa karibu nusu. Kioo cha pili kikiwekwa kwa ndani hupunguza zaidi ya nusu, na uso wa nyumba hauguswi. Vivyo hivyo kwa kuta: tofali zile zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Ukiziba maungio kwa saruji, unyevu hunaswa ndani ya tofali, na barafu ya majira ya baridi huubandua uso wake.

Lakini hasara inayoniuma zaidi ni ya jirani. Mmoja akipaka tofali rangi nyeupe, rangi hukoma kwa mstari wima katikati ya jengo. Akiondoa vigae vya mawe vya Wales na kuweka vya zege, paa moja huwa na rangi mbili na unene wa aina mbili. Akibomoa nusu yake ya dohani, iliyobaki husimama kama jino lililovunjika. Aliyetunza nusu yake miaka yote hakubadilisha chochote, na bado nyumba yake imeharibika, kwa sababu ulinganifu aliourithi ulikuwa pande mbili za ukuta. Tazama De Beauvoir Square, katika eneo la Hackney, London: pembe za paa zilizopinda kwa mtindo wa kale zinapendeza kwa sababu kila pacha imebaki na mwenzake. Haki ya mwenye mali ni kubwa, lakini hapa mali yenyewe tangu mwanzo ilichorwa kwa watu wawili.

Kwa hiyo halmashauri ina haki ya kukataa madirisha ya plastiki upande wa mbele. Kosa liko kwenye kodi. Uingereza haitozi kodi ya ongezeko la thamani kwenye ujenzi wa nyumba mpya, ilhali ukarabati wa kawaida wa dirisha la 1860 hutozwa asilimia 20. Hata nafuu iliyokuwapo kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye majengo yaliyoorodheshwa iliondolewa Oktoba 2012. Dola ikishamwamuru mzee yule atengeneze dirisha badala ya kulitupa, imwondolee kodi hiyo, na imchangie gharama ya kioo cha ndani.