Mama ana jina, na hiyo picha ni deni

Watu wangu, juzi nilipitia maonyesho ya picha za wanafunzi hapa Kisumu, zile projekti zao za maisha ya jamii, na nilitoka huko na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Picha zenyewe ni kali, hilo sibishi. Kuna moja imepigwa Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, mama anakaanga mgongo wazi, karai limejaa mafuta yanachemka, moshi umempanda usoni, leso ameifunga mpaka kwenye nyusi, anageuza vichwa na mifupa ya mbuta ambayo viwanda vishatoa minofu ikaenda Ulaya. Unaona hadi tone la mafuta limeruka liko hewani. Chini yake wameandika jina la mwanafunzi, mwaka, hadi aina ya kamera, halafu wakaandika "Mwanamke, Obunga". Kamera ina jina, mama hana!

Na huyo mama namjua, nanunua kwake. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Nilipomwambia picha yake imetundikwa ukutani huko mjini watu wanaiangalia, aliweka mwiko chini akaniuliza, "Sasa mbona hawakuniletea, nyathina?", yaani mwanangu. Hakuuliza habari ya pesa, aliuliza picha tu. Walimwambia watarudi. Nenda Dunga kwa wanaoanika omena, nenda Kibuye siku ya Jumapili, nenda Nyalenda, uliza nani ameshawahi kupigwa picha na wanafunzi wa chuo akaambiwa tutarudi, halafu uliza nani aliletewa.

Sasa mtu ataniambia ni picha tu, mbona makelele. Wewe umeshakaa kwenye kamati ya matanga huku kwetu? Mama ameaga, mnataka picha ya kuweka kwenye programu, kwenye bango, ya kutangulia mbele ya jeneza, na nyumba nzima inapekuliwa. Simu ya marehemu ilikuwa kabambe, zile ndogo za batani, ya mjukuu imeharibika skrini, mwishowe mnachukua kitambulisho mnaenda saiba mnamwambia kijana aikuze, na inatoka sura ina ukungu, macho hayaonekani vizuri, na huyo ndiye mtu aliyelea watoto saba kwa samaki. Na wakati huohuo kuna hadi diski ya kompyuta kwenye bweni fulani ina picha yake safi kabisa, anacheka, mwanga umemkaa vizuri, ilipewa maksi ikasahaulika. Hiyo inaniuma sana jamani. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa maishani, na watoto wake hawajui kama ipo.

Na si huku tu. Mwaka wa 1936 huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma minji, watoto wamemlalia mabegani, hiyo picha ukisomea mambo haya lazima utaonyeshwa. Lange mwenyewe alikuja kusema hakumuuliza jina. Dunia ilijua anaitwa Florence Owens Thompson mwaka wa 1978, miaka 42 baadaye, na yeye akalalamika kwamba hajapata hata senti kutokana na hiyo picha, na kwamba aliahidiwa kopi haikufika. Wanafunzi wanafundishwa mwanga na mpangilio wa ile picha, hilo lalamiko nalo lifundishwe.

Wapiga picha wa zamani waliokuwa wanazunguka vijijini na kamera za filamu hawakusomea maadili popote, lakini Krismasi alikupiga, akachukua deposhiti, na wiki chache baadaye huyo hapo na bahasha, anakuita kwa jina. Angekosa kurudi asingekanyaga hicho kijiji tena.

Sawa, wanafunzi hawana pesa na dedilaini zinawabana, hilo naelewa, na wako wachache wanaorudi, Mungu awabariki. Lakini kuprinti picha moja ndogo ni bei ya nauli ya boda, na kuuliza jina ni bure. Ya watoto hata siongei sana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali, soma. Na hiyo tabia ya kugeuza kila picha nyeusi na nyeupe ili umaskini uonekane mzito zaidi, wacheni.

Malekchara, hili nawaambia nyinyi kwa sababu alama ni zenu. Mwanafunzi akileta projekti ya watu, mwulize kila mtu anaitwa nani, alikubali jina lake liandikwe ama alikataa, na picha yake alipelekewa lini. Kama hajapeleka, usisahihishe hiyo kazi. Mrudishe Obunga na bahasha mkononi kwanza.