Pampu ya kompyuta inasingiziwa

Kuna hukumu moja ambayo mafundi wengi wa Changamwe na Miritini, Mombasa, hawaikatii rufaa: pampu ya zamani ya dizeli ya malori, ile yenye plunja (vijiti vya kusukumia dizeli) zilizopangwa mstari, ndiyo yenye mvuto. Komon reli, mfumo wa kisasa wa kupuliza dizeli, ni kompyuta, na kompyuta haipandishi trela mlima wa Mazeras.

Wanaosema hivyo si wajinga. Kamshafti ya pampu ile, mhimili unaosukuma plunja, hulowa oili ya injini, haitegemei ulaini wa dizeli peke yake. Plunja ikilika hubadilishwa, pampu inapimwa mezani, lori linarudi kazini. Nozo ya komon reli, mdomo unaopuliza dizeli ndani ya injini, ina nafasi za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Maji kidogo kwenye tangi huiua, na bei yake ni kilio. Ikikuzimikia kati ya Mackinnon Road na Voi, spana haikusaidii. Hapo sibishi.

Ila kutengenezeka na kuvuta ni mambo mawili. Pampu ya zamani huzungushwa na injini na ndiyo inayosukuma dizeli hadi kwenye nozo, kwa hiyo mizunguko ikishuka na msukumo unapungua, wakati uleule mzigo unapoulemea mlima. Komon reli huweka dizeli tayari kwenye bomba lake kwa shinikizo kubwa, baa 1,600 na zaidi katika mifumo mingi (tairi la trela hujazwa baa 8 hivi), hata injini ikienda polepole inaweza kupata mpulizo mwembamba. Ndiyo maana injini nyingi za kisasa za trela hufika kilele cha mvuto kati ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa dakika.

Mbona basi dereva anaapa kwamba la zamani linaruka? Mara nyingi limefunguliwa, yaani pampu imechezewa itoe dizeli zaidi. Pampu nyingi za injini za turbo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) zina kikopo chenye diaframu ya mpira na kipaipu chembamba kutoka manifoldi, bomba la kuingizia hewa. Kazi yake kuzuia dizeli mpaka turbo ilete hewa. Fundi anachezea skrubu, dizeli inatangulia, lori linashtuka, dereva anatoa ya chai. Lakini kilo moja ya dizeli inahitaji kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na huko chini turbo haijaamka. Kinachobaki ni ule moshi mweusi tunaouvuta sote nyuma yake.

Halafu kuna Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Skrubu iliyokazwa Changamwe haijui hilo. Inamwaga kipimo kilekile cha pwani, joto linapanda, pistoni na turbo ndizo zinazolipa. Kompyuta inayodharauliwa husoma sensa na kupunguza dizeli.

Adui halisi wa komon reli ni mafuta ya taa ndani ya dizeli, yanayoipunguzia ulaini wake, mchezo uliofanya serikali mwaka 2018 iongeze ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Anayenunua dizeli ya madebe kando ya barabara abaki na pampu yake ya zamani, inamfaa. Asiseme tu kwamba ameifuata kwa ajili ya mvuto.